Paka Mzee na Paa Mgonjwa: Suala la Kusikia katika Ngano Mbili za Steere

Miongoni mwa ngano ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales, ziko mbili zinazomweka mnyama ndani ya nyumba ya binadamu na kuuliza anastahili nini humo. Moja ni ya Sultani Darai na paa wake. Nyingine ni ya Sultani Majnuni na paka aliyegeuka kuwa nunda. Mazoea ni kuzisoma mbalimbali: ya kwanza huitwa ngano ya utovu wa shukrani, ya pili ngano ya ushujaa wa kitinda mimba. Usomaji huo si wa makosa. Hata hivyo, zikiwekwa bega kwa bega, ngano hizi hudhihirisha pengo ambalo kila moja peke yake hulificha: paka wa kawaida, anayezeeka taratibu kando ya jiko hadi masikio yake yakafa, hana nafasi katika yoyote kati yake.

Pengo hili laweza kuonekana dogo kwa msomaji aliye maktabani. Katika mji wa Bunia si dogo. Huko paka hafugwi kwa ajili ya pambo. Hufugwa alinde mahindi, maharage na unga wa muhogo. Isitoshe, Ituri ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako tauni haijakoma, hasa katika zoni ya afya ya Rethy, teritwari ya Djugu, na kwa hiyo panya na viroboto wake si kero tu bali ni hatari ya mauti. (Yafaa kuongeza kwamba paka naye huweza kuugua tauni na kumwambukiza binadamu, hivyo ulinzi wake si kamili kama unavyodhaniwa.) Mlinzi huyo apewe nini siku anapoacha kusikia? Swali hilo huulizwa jikoni kabla ya kuulizwa darasani, nalo ndilo linalozipa ngano za Steere uzito ambao wahakiki hawajaupima.

Kwanza hali yenyewe ielezwe. Paka mwenye masikio mazima husikia sauti nyembamba mno: upimaji wa maabara umeonyesha kwamba hufikia kiasi cha mitetemo 85,000 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea takriban 20,000. Milio mingi ya panya imo katika eneo hilo la juu. Uzee nao, kwa kawaida, hula sauti nyembamba kwanza, ndipo ukazifikia zile nene. Maana yake ni kwamba paka humpoteza panya kabla hajaipoteza sauti ya mwenye nyumba. Kwa muda fulani huja akiitwa lakini hawindi kama zamani, naye huitwa mvivu. Baadaye haji hata akiitwa, naye huitwa mkaidi. Akiguswa kwa nyuma hushtuka na kukwaruza, naye huitwa mkali. Barabarani hasikii pikipiki inayokuja. Usiku hulia kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakisikii tena kipimo cha sauti yake mwenyewe. Na mahali ambapo mlio wa paka usiku huhusishwa na uchawi, jina analopewa hapo ni baya kuliko yote yaliyotangulia, na pengine humgharimu uhai.

Ni muhimu kutambua kwamba majina hayo yote yanahusu tabia. Hakuna hata moja linalohusu masikio. Sababu mojawapo imo katika lugha yenyewe. Kitenzi ‘kusikia’ katika Kiswahili kimebeba kutambua sauti na kutii kwa pamoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: mtu huyo hakukosa sikio, alikosa utiifu. Sikio la kufa halisikii dawa: hapa kiungo kimetajwa waziwazi, lakini anayelaumiwa ni mkaidi. Kwa hiyo mzungumzaji anapolalamika kwamba paka wake hasikii, sentensi hiyo tayari ina hukumu ndani yake kabla ya uchunguzi wowote kufanyika.

Mofolojia inaongeza yake. ‘Kiziwi’ kimewekwa katika ngeli ya ki-, pamoja na kipofu, kiwete na kilema, yaani katika umbo la vitu; kisha upatanisho wa kisintaksia humrejesha miongoni mwa viumbe wenye uhai, kwa sababu husemwa kiziwi ‘amekuja’ wala si ‘kimekuja’. Wanaisimu wameueleza mvutano huu mara nyingi kama suala la sarufi tupu. Lakini kitenzi kilekile kinachohukumu hutoa pia njia ya kutokea. Mswahili husikia baridi, husikia njaa, husikia harufu. Na anayeulizwa kama anasikia Kiswahili haulizwi habari za masikio bali za kuelewa. Kwa maana hiyo pana, paka aliyepoteza masikio bado anasikia: anasikia hatua za mtu zikitetemesha sakafu, anasikia samaki mkavu anapofunguliwa, anafuata mwanga wa tochi giza linapoingia. Wenye nyumba waliokwisha kuligundua hilo huacha kuita na kuanza kukanyaga chini kwa kishindo.

Hapo ndipo ngano ya Sultani Darai inapoonyesha makali yake. Maskini anayechakura jaani hupata sarafu na kununua paa. Paa huyo humpatia mke, binti wa sultani, humuua joka mwenye vichwa saba, na kumkabidhi bwana wake jumba la joka huyo. Kisha huugua. Humtuma kizee kwa bwana kueleza maumivu yake. Bwana huagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu. Kizee hurudi tena kwa bwana, na dharau huzidi. Urudiaji huu wa safari ya kizee mara nyingi huhesabiwa kuwa mbinu ya kawaida ya usimulizi simulizi. Kwa kweli unafanya kazi zaidi ya hiyo, kwa maana kila mara ujumbe hufika mzima, haukupotea njiani. Mwenye masikio ndiye asiyesikia.

Wataalamu wa ngano huiweka hadithi hii katika ukoo mmoja na ile ya paka aliyevaa buti. Katika maandishi ya Charles Perrault ya mwaka 1697 paka huyo huishia kuwa bwana mkubwa, anayewakimbiza panya kwa kujifurahisha tu. Giambattista Basile, ambaye kitabu chake kilianza kutoka Napoli mwaka 1634, ni mchungu zaidi: paka wake hujifanya amekufa ili ampime bwana, husikia akiamuriwa atupwe dirishani, naye huinuka na kwenda zake kwa hasira. Msimulizi wa Unguja amekwenda mbali kuliko wote wawili. Paa haigizi. Anaumwa kweli na anakufa kweli. Katika hilo ngano ya Kiswahili inaishinda ya Perrault kwa mbali, hata kama ile ya Perrault ndiyo iliyoenea zaidi duniani.

Hata hivyo hoja ya ngano ina udhaifu wake. Paa anastahili huruma kwa sababu deni ni kubwa: mke, jumba, jina la usultani. Ngano haisemi lolote kuhusu mnyama aliyefanya kazi ya kawaida tu, aliyekamata panya wachache kila juma kwa miaka kumi na mitatu. Kwa hesabu ya ngano, deni lake lingelipwa kwa uji wa mtama. Upande wa pili, Sultani Majnuni anampenda paka wake bila hesabu yoyote. Paka anapokula ndama, kisha wanyama wakubwa zaidi, kisha watu, watu huja kushtaki na sultani hukataa mashtaka yao kwa kuwa paka ni wake na mali ni yake. Huzinduka tu msiba unapowafikia wanawe mwenyewe. Paka huyo hazeeki, anakua. Kati ya daftari la deni na mapenzi ya mwenye mali, paka wa Bunia hana pa kulala.

Yuko lakini mhusika mmoja asiyeingia katika mizani hiyo, naye ni mke wa Darai. Paa hakumfanyia hisani: alimdanganya baba yake na kumwoza kwa mtu wa jaani. Ndiye, pamoja na hayo, anayemlaumu mumewe na kumpelekea mgonjwa matunzo kwa siri, na paa akifa ndiye anayempelekea baba yake habari. Mwishoni mume huzinduka akichakura jaani, naye mke huzinduka nyumbani kwa baba yake. Anayeifupisha ngano hii kwa haraka, kama inavyofanyika katika majibu mengi ya mitihani, humtaja mume na jaa lake, akamwacha mke, na akamwacha kizee aliyekwenda na kurudi akibeba maneno ya mgonjwa.