Mafundi wa Kalsiamu

Angiotensini II ni shanga 8 za amino asidi kwenye uzi mmoja, na uzi huo mfupi ndio unaokaza mishipa ya damu na kupandisha presha. Haudumu. Ndani ya figo vimeng'enya vya kukatakata homoni vimejaa kwenye kuta za mirija. Ushanga wa kwanza ukiondolewa hubaki angiotensini III. Ukiondolewa na wa pili, angiotensini IV. Kimeng'enya kingine hukata ncha ya pili na kuacha kipande kiitwacho 1-7.

Je, hayo ni makapi tu? Wa kuulizwa ni wapimaji wa kalsiamu, maana kalsiamu ya ndani ya seli huonyesha kama kipande bado kinaiamsha, na mimi nawavulia kofia.

Seli iliyotulia huwa na kalsiamu kidogo mno. Nje yake imezidi mara 10,000 hivi. Homoni ikishika kipokezi chake, ghala za ndani hufunguka, kalsiamu hupanda kwa sekunde chache, kisha hushuka. Mwaka 1985 Grynkiewicz, Poenie na Tsien walitangaza rangi ya kulinasa tukio hilo seli ikiwa hai: fura-2. Huingia ikiwa imefunikwa, vimeng'enya vya seli vikakata kifuniko, nayo ikanaswa humo. Kinaya hiki hunifurahisha: rangi ya kuchunguzia vilivyokatwa nayo haifanyi kazi mpaka ikatwe. Kisha humulikwa kwa urujuanimno wa nanomita 340 na 380, zamu kwa zamu. Kalsiamu ikipanda, mng'ao wa 340 huongezeka na wa 380 hufifia. Fundi hugawa mmoja kwa mwingine, na seli nene haimdanganyi tena kuliko nyembamba.

Lakini mashine si kazi. Tone la angiotensini III likidondoshwa, mstari kwenye skrini huruka, maana hushika kipokezi kilekile cha mama yake. Tone la pili huruka kidogo tu. Mwanagenzi atasema homoni ni dhaifu. Fundi anajua kipokezi kimechoka, basi husuuza seli na kusubiri. Tena, seli zenyewe zinaendelea kukata. Ukitia angiotensini II, aliyejibiwa ni nani, yeye au mtoto wake? Fundi huzuia vimeng'enya kwanza, ndipo arudie kipimo. Angiotensini IV kwa kawaida hudai dozi kubwa zaidi; 1-7 hupitia kipokezi kingine, Mas, na mara nyingi huvuta kinyume.

Mwishoni hutiwa ionomisini ili kalsiamu ijae seli, kisha EGTA ya kuifyonza. Bila mipaka hiyo miwili, wa juu na wa chini, mstari ule hautoi kiwango halisi cha kalsiamu cha kuandikwa daftarini.