Ujira wa Mwajiriwa Mjamzito: Tuipime Hoja ya "Hakufanya Kazi"



Katika kamati za baadhi ya shule na madrasa zetu husikika hoja inayotolewa kwa jina la fiqhi. Mwalimu wa kike akienda kujifungua, husemwa, taasisi haidaiwi mshahara wake, kwani ujira ni badali ya kazi naye hakufanya kazi. Tena nafaqa yake iko juu ya mumewe. Hoja hii ina sura ya elimu, ndiyo maana hupita bila kuulizwa. Basi na tuipime kwa vitabu vile vile inavyodai kuvitegemea.

Imam Nawawi (r.a.) katika Raudhatut-Talibin anaeleza kuwa mtu aliyeajiriwa kwa muda maalumu, nyakati za twahara na za Swala za faradhi pamoja na sunna zake za ratiba zimevuliwa katika muda huo, wala ujira wake haupunguzwi kwa sababu hiyo. Tazama vizuri, ndugu msomaji: katika saa hizo mwajiriwa hakufanya kazi ya mwajiri, na ujira wake ni kamili. Kwa hiyo kanuni ya kwamba kila saa isiyo na kazi haina ujira haimo katika madhehebu yetu ya Shafi kwa sura inayosemwa.

Mtu atajibu kuwa Swala imevuliwa na sharia ya Allah, na likizo ya uzazi imewekwa na Bunge. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini likizo huingia kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa sharti. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inaamrisha kutimiza mikataba, na Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi inawafunga Waislamu kwa masharti yao, ila sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa aliyetimiza miezi 6 kazini siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inakataza pia kumfukuza kazi kwa sababu ya ujauzito. Mwajiri aliyeajiri chini ya sheria hiyo aliyajua hayo, au ilimpasa kuyajua, siku ya kutia saini. Malipo ya siku hizo basi ni sehemu ya ujira waliokubaliana. Kuyazuia ni kuzuia deni.

Wako wanaodai kuwa hapo pana jahala, kwa kuwa haijulikani kama atashika mimba. Idadi ya siku inajulikana, na mwajiriwa anatakiwa kutoa taarifa miezi 3 kabla. Isitoshe, mwalimu wa kiume naye haijulikani lini ataugua, na sijasikia kamati iliyoubatilisha mkataba wake.

Hapa pana kosa jingine, la kuchanganya ujauzito na ugonjwa. Imam Malik katika Muwatta hauhesabu mwanzo wa mimba kuwa maradhi, bali ni furaha na bishara; ila ikitimia miezi 6, mwanamke hawezi kutoa zaidi ya theluthi ya mali yake, kama mgonjwa anayehofiwa kifo. Mashafi wao huiangalia hofu hiyo pale uchungu unapomshika. Hukumu hizo ni za mirathi na wasia, si za ajira, lakini zinaonyesha kuwa wanavyuoni hawakuziweka hali zote katika kapu moja. Sheria ya 2004 nayo imetenga: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Mjamzito akilazwa kwa shinikizo la damu katika mwezi wa 5, siku hizo ni za ugonjwa. Kuzikata katika zile 84 ni kumpunja.

Ama nafaqa, kwa madhehebu yetu mume anadaiwa hata mkewe akiwa tajiri. Ni deni la mtu mwingine kwa sababu nyingine. Mwalimu wa kiume mwenye baba tajiri hakatwi mshahara.

Linabaki swali zito: madrasa yenye walimu watatu itatoa wapi? Ibn Saad amepokea kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiwapa fungu la Baitulmali watoto walioachishwa ziwa tu, mpaka usiku mmoja alipomsikia mtoto akilia, akaambiwa mama anamwachisha mapema ili apate fungu. Akaamuru fungu litolewe tangu kuzaliwa. Aliona kuwa kanuni yake ya malipo ndiyo iliyomdhuru mtoto. Na aliyelipa ni mfuko wa umma. Kwetu, NSSF ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya kuchangia. Taasisi isiyowaandikisha walimu wake imeufunga mlango huo kwa mkono wake, kisha inamwambia mzazi kuwa hakuna fedha.