Serikali, Kumbukumbu na Wageni

Methali yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wazee waliotuachia maneno hayo walijua ya kuwa ujio wa mgeni huleta neema nyumbani: ua hufagiwa, chungu kizuri huinjikwa, na watoto hula chakula ambacho siku nyingine wasingekionja. Lakini methali hii ina sharti ndani yake, na watu wengi hulisahau. Haikusema mgeni aje ili yeye peke yake astarehe. Ilisema aje ili mwenyeji apone. Katika insha hii nataka kuifanya methali hiyo kuwa mizani ya kupimia kazi tatu ambazo serikali ya nchi yetu imejitwika: kutangaza habari, kuadhimisha mambo ya kale, na kukaribisha watalii. Katika kila kazi nitauliza swali moja tu: je, mwenyeji amepona?

Yamkini msomaji atastaajabu kuona kazi hizi tatu zimefungwa katika mzigo mmoja. Kwa hakika ni za ukoo mmoja, kwa maana zote ni njia za kuieleza nchi. Redio huieleza nchi kwa wananchi wenyewe. Ukumbusho huieleza jana kwa watu wa leo. Utalii huieleza nchi kwa walimwengu. Na kila aelezaye huchagua: hutia hili, huacha lile. Basi serikali ikizishika njia zote tatu, huwa imeshika uwezo mkubwa wa kuamua jinsi taifa litakavyojiona. Uwezo huo si dhambi, walakini wahitaji kuchungwa.

Tuanze na utangazaji. Redio ilianza katika Kenya mwaka 1928, nayo ilianzishwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa msikilizaji mpaka Vita Vikuu vya Pili, vilivyoanza mwaka 1939, vilipoifanya serikali ya kikoloni iyahitaji masikio yake na mikono yake. Baada ya vita hivyo Mombasa ikapata kituo chake, Sauti ya Mvita, na watu wa pwani wakasikia lugha yao na nyimbo zao zikitoka katika sanduku lile. Mwaka 1964, baada ya uhuru, serikali ilitwaa utangazaji wote na kuuita Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 chombo hicho kikapewa tena jina la Shirika la Utangazaji la Kenya.

Haifai kuitaja kazi ya redio hiyo bila kuishukuru. Idhaa ya taifa ilikieneza Kiswahili mahali ambapo vitabu havikufika. Mkulima wa Kisii, mchungaji wa Isiolo na mvuvi wa Lamu waliweza kusikiliza mchezo mmoja na kucheka pamoja. Kwa miaka mingi Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, aliwauliza wasikilizaji katika kipindi chake kama jambo fulani ni ungwana au si ungwana. Hakuna mfanyabiashara wa miaka ile ambaye angalifungua idhaa kwa ajili ya kufundisha adabu. Serikali ilifanya hivyo, na hapo mwenyeji alipona.

Lakini sauti moja ina hatari zake. Ya kwanza ni kwamba humtumikia mwenye nguvu kabla ya mwenye haki. Wazee wenu wanaweza kuwasimulia jinsi taarifa ya habari ya miaka ya 1980 ilivyoanza, siku baada ya siku, kwa safari na hotuba za Rais, hata kama siku ile mafuriko yalichukua daraja au njaa ilibisha hodi mahali. Hatari ya pili ilijionyesha tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa jeshi la anga walioasi waliiteka nyumba ya Sauti ya Kenya mjini Nairobi, na Mbotela huyo huyo akalazimishwa kuwasomea tangazo lao. Kwa nini walikimbilia huko? Kwa sababu nchi nzima ilikuwa na mdomo mmoja, na aliyeushika mdomo huo kwa saa chache aliweza kusema kwa jina la wote. Serikali iliyodhani kwamba kuwa na sauti moja ni usalama iliona siku ile kwamba ni udhaifu.

Tangu miaka ya 1990 vituo vya watu binafsi vimeongezeka, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 34, yaamuru kwamba vyombo vya habari vya dola viwe huru kuamua vitakayotangaza, visiwe na upendeleo, na vitoe nafasi ya haki kwa mawazo yanayopingana. Maneno hayo ni mazuri. Kazi iliyobaki ni ya msikilizaji: kuupima uaminifu wa redio yake kwa Katiba hiyo, wala si kwa utamu wa muziki wake.

Sasa tuitazame kazi ya pili, ya ukumbusho. Hapa yatosha mfano mmoja mkubwa. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Mau Mau mwaka 1950. Bendera ya uhuru ilipandishwa Desemba 1963, na kila mwaka sikukuu za taifa zikaadhimishwa kwa gwaride na ngoma. Hata hivyo sheria ile ya mkoloni haikufutwa mpaka mwaka 2003. Fikiri jambo hilo, msomaji. Kwa muda wa miaka 40 mzee aliyepigana msituni aliweza kukaa juani akitazama gwaride la uhuru, hali kwa sheria ya nchi yake mwenyewe chama chake kilikuwa bado haramu. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake ikasimamishwa Nairobi mwaka 2007, siku ile ile, miaka 50 baadaye. Wakati huo wengi wa wenzake walikuwa wamekwisha kuzikwa, na hawakuiona.

Sisemi kwamba sanamu haina maana. Nasema kwamba shaba haiwezi kulipa deni la ardhi, wala shada la maua halimwondolei mjane njaa. Ukumbusho uliochelewa huwafaa zaidi wanaoutoa kuliko wanaokumbukwa. Hata hivyo yako mabadiliko ya kusifiwa. Sikukuu ya tarehe 20 Oktoba iliyoitwa kwa jina la mtu mmoja, Kenyatta, ilipewa na Katiba ya mwaka 2010 jina la Mashujaa. Kwa badiliko hilo dogo mlango ulifunguliwa kwa wengi: kwa Mekatilili wa Menza aliyewaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza mwaka 1913, na kwa maelfu ambao majina yao yanajulikana vijijini kwao tu.

Kazi ya tatu ni kukaribisha wageni, na hapa sina budi kuwapeleka Mombasa, penye Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus. Wareno waliianza mwaka 1593. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mvita ambaye Wareno wenyewe walimlea na kumbatiza, aliwageuka akaitwaa. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698 walipoingia. Wamazrui waliitawala, kisha Seyyid Said akaipata mwaka 1837. Mwaka 1895 Waingereza wakaifanya gereza, na gereza ikawa mpaka mwaka 1958. Ndipo ikatengenezwa kwa msaada wa fedha za taasisi ya Gulbenkian ya Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Mgeni aingiapo humo huona mizinga, kuta nene kama za mwamba, na vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina. Huvipiga picha akafurahi, na haki yake. Lakini mwenyeji ana hesabu nyingine ya kufanya. Ngome hiyo ilikuwa gereza kwa miaka 63, na waliofungwa humo aghalabu hawakuwa Wareno wala Waomani, bali watu wa nchi hii. Umri wake wa makumbusho ndiyo kwanza umeupita umri wake wa kifungo. Wataalamu wa lugha wasema kwamba neno letu "gereza" latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Nyumba ya sala imetuachia jina la nyumba ya minyororo! Historia nzima ya pwani imo katika neno hilo moja, na mwanafunzi wa Kenya aweza kulielewa kuliko mgeni yeyote, maadamu yuko mtu wa kumweleza.

Hapo ndipo ilipo hatari ya utalii. Mtu auzaye hadithi humwangalia mnunuzi usoni. Mnunuzi akipenda mizinga, hadithi itajaa mizinga. Taratibu mwenyeji naye huanza kuiamini hadithi aliyomtengenezea mgeni, akaisahau ile aliyosimuliwa na bibi yake. Si mbali na ngome hiyo, ng'ambo ya kisiwa, yapo mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, mji uliojengwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele ile iliwatahadharisha watu. Leo magari hupita hapo kwa maelfu, na wapitao wengi hulitaja jina la kituo bila kujiuliza ni kengele gani. Mbotela wa redio alikuwa wa ukoo wa watu hao wa Frere Town. Hata hivyo mabasi ya watalii hupita yakielekea hotelini.

Lipo na jambo jingine zito zaidi: si kila kitu ni cha kuonyeshwa. Wagiriama huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango. Kwa jamaa zake kigango ni mtu, si pambo. Lakini wezi waling'oa vingi wakaviuza, na vingine vikaishia katika nyumba za makumbusho za Marekani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, na vingine baadaye. Wizi huo ulikuwa na soko kwa kuwa walikuwapo watu waliofundishwa kuiona Afrika kama duka la vitu vya ajabu. Serikali inayoitangaza nchi kwa picha za ngoma na vinyago haina budi kujiuliza kama haikusaidia, bila kukusudia, kulijenga duka hilo.

Najua watu watanijibu, na jibu lao lina nguvu. Watasema: bila serikali, magofu ya Gedi yangalimezwa na msitu au kuvunjwa mawe yake, bila kiingilio cha watalii, nani angalilipa mshahara wa mlinzi na bei ya chokaa? Tena maelfu ya watu hula kwa kazi za hoteli. Ni kweli, wala sitaki mlango ufungwe. Ila nawakumbusha kwamba mgeni hana mkataba wa kuja daima. Hawakuja kwa wingi baada ya machafuko ya Likoni mwaka 1997. Walipungua mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi. Na mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga hata viwanja vya ndege. Urithi ukiegemea mfuko wa mgeni peke yake, mgeni akiondoka huanguka. Ukiegemea mapenzi ya mwenyeji, husimama hata siku ya ukame.

Basi hukumu yangu ni hii. Serikali yafaa ilipe, ilinde, na ifungue milango. Haifai iwe msimulizi wa pekee. Katika redio itoe chombo, na iwaachie wananchi maneno. Katika ukumbusho iwasikilize wenye msiba kabla ya kumwita mchonga sanamu. Katika utalii iwaulize wazee wa mahali ni kipi cha kuonyeshwa na kipi cha kustiriwa. Mizani ya methali yetu yaonyesha kwamba mwenyeji amepona nusu: amepata ajira na sifa, lakini bado hajarudishiwa kinywa chake.

Nanyi wanafunzi msiingojee serikali katika jambo ambalo mwaliweza. Nyumbani kwenu yuko mzee anayejua jina la mto kabla haujapewa jina la ramani, au aliyefungwa wakati wa Hali ya Hatari, au aliyesikia redio mara ya kwanza akadhani yumo mtu ndani. Keti naye, andika asemayo, uyahifadhi. Siku mtakapoingia katika ngome au makumbusho, ingieni kama watu waliokuja kukagua mali yao: ulizeni, pimeni, na mkiona hadithi imepunguzwa, isemeni yote. Mgeni atakayewakuta mnaijua nyumba yenu atawaheshimu zaidi, na hapo atakapokuja, mwenyeji atapona kweli.