Kulipima Gobore la Zamani: Anza na Kifa

Ukionyeshwa gobore la zamani huku Kaisho, katika Karagwe ya zamani, liwe limeshushwa darini kwa mzee au linangoja kusalimishwa polisi, usihangaike kwanza na mtutu. Mtutu hupigwa msasa ukang'aa, kitako hupakwa mafuta, na msimulizi mwenye maneno matamu atakuapia lilikuwa la Rumanyika mwenyewe, Omukama (mfalme) wa Karagwe. Tazama kifa: kitundu au kichuchu kinachopitisha moto kwenda kwenye baruti. Hapo hapadanganyiki kirahisi.

Ila kabla hujalisogelea, chukulia lina kiasi ndani, yaani limeshindiliwa baruti na risasi. Baruti nyeusi ikikaa kavu haizeeki. Mdeki, ufito wa kushindilia, ukigota kabla ya kufika usawa wa kifa, kuna kitu. Liache hapo, uwaite polisi. Na bila leseni, hata gobore la urithi ni mzigo mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Ziko namna mbili za gobore. Ya gumegume hupiga jiwe kwenye chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo ya kisahani cha ubavuni, na mwali ukapenya kifa. Ya fataki haina kisahani: nyundo huangukia kifuniko kidogo cha shaba, ndiyo fataki yenyewe, kilichovishwa juu ya kifa. Ufundi huu wa pili ulitokana na kazi ya Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa wa Uskoti aliyepata hataza mwaka 1807.

Hapa wengi huteleza: wanahesabu kila gumegume kuwa kongwe kuliko fataki. Si lazima. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa silaha katika ukanda mpana wa Afrika, Karagwe ikiwemo, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Kwa hiyo biashara iliendelea kuzileta Ulaya ilipokwisha kuzisahau. Gumegume lako linaweza kuwa mdogo wa fataki la jirani.

Dalili za gumegume hazifichiki. Likiwaka kisahanini na kiasi kisilipuke au kikachelewa, kifa kimeziba masizi, au kimejazwa baruti inayoungua polepole badala ya kupitisha mwali. Kifa kilichotanuka kinaonyesha kazi ya miaka mingi; moto ulikuwa ukirudi ubavuni, na aliyesimama kulia kwa mpigaji alijua hivyo.

Kwa fataki, uhondo umo kwenye nyundo. Uso wake unapaswa kuwa na shimo la kuzuia vipande vya shaba visimrukie mtu jichoni, nao uangukie kifa katikati. Alama ikiwa upande mmoja, mhimili umelegea. Kichwa cha kifa kikipondeka, fataki haikai vizuri: pigo la kwanza huisukuma tu, la pili ndilo huilipua, na mnyama hangoji la pili. Masizi ya fataki hula chuma, kwa hiyo gobore lililotumika kweli lina vishimo kuzunguka kifa. Likiwa na mwili mkongwe na kifa laini kabisa, uliza kilibadilishwa lini. Ubavuni ukiona matundu ya skrubu yaliyozibwa, mbele yako kuna gumegume lililogeuzwa kuwa fataki. Mimi napenda sana hayo. Yana maisha mawili.

Karagwe ilikuwa na wahunzi mahiri. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walimkuta Rumanyika akitawala mwaka 1861, na hazina ya chuma ya ufalme wake bado inasifiwa na wataalamu. Basi usilidharau gobore kwa sababu kifa chake kina alama za tupa badala ya muhuri wa kiwanda. Kipimo ni kukaa kwake: kisimame imara, kisicheze, na kiungio kisiwe na mstari mweusi wa moshi uliokuwa ukivuja. Mstari huo ukiwepo, fundi alipaka uzuri juu ya kazi mbovu, na gobore halistahili bei wala sifa ya mkongwe. Mtutu nao ukiwa ni bomba la maji, mazungumzo ya ukale yaishie hapo. Hilo ni la polisi.