Apareyi ndogo si apareyi ya mtoto

Bandugu, nianze na mahari ya dada wa rafiki yangu, kule Katuba, hapa Lubumbashi. Bodi yangu kubwa ilikuwa kwa fundi, nikaenda na apareyi ndogo ya kuazima. Siku nzima watu walisahau kama niko pale. Babu wa bibi arusi alikuwa anahesabu mbuzi kwa vidole na kucheka peke yake, mimi nikampiga picha sita. Nikasema moyoni: leo nimepata. Usiku naingiza kadi kwenye kompyuta, kompyuta inasema hakuna kitu. Fundi aliokoa picha 11, karibu zote za sahani na viti. Miezi miwili nyuma yake muzee akafa, familia ikaniomba picha ya kuweka juu ya jeneza. Sikuwa nayo.

Apareyi ile ilikuwa na nafasi moja tu ya kadi. Njo maana nina neno na wale wanaotengeneza bodi ndogo.

Mtaniambia: si ubebe kubwa? Ninaibeba. Canon 5D Mark III, gramu 950 bila lenzi, iko na nafasi mbili za kadi, picha ileile inaandikwa pande zote mbili. Lakini ingia nayo soko ya Kenya uone. Mama wa samaki anafunika uso, kijana anakuuliza: «Weye, unatufotoa unaenda kutuuzisha Ulaya?» Na anayetaka kuona kibali chako hayuko mbali. Ukubwa wa apareyi unabadilisha nyuso za watu mbele yako, na picha iliyobaki ni ya watu wanaoogopa apareyi.

Zamani udogo haukuwa aibu. Leica ilitoka sokoni mwaka 1925, inaingia mfukoni mwa koti, na Henri Cartier-Bresson alifanya nayo kazi ya maisha yake. Sijui ni lini mafundi wa dijitali waliamua kwamba mtu anayetaka kitu kidogo ni mtalii.

Chukua Sony A7C ya mwaka 2020. Rafiki alinikopesha kwa wiki mbili na niseme kweli, nusura nisirudishe. Gramu 509 pamoja na batri na kadi, sensa kubwa kamili, inachajiwa kwa USB-C. Kwetu jambo hilo ni kubwa: umeme ukikatika, power bank inatosha. Batri yenyewe inavumilia sherehe nzima. Sasa angalia walichopunguza. Nafasi ya kadi ni moja. Kijidirisha cha kuchungulia ni kidogo sana. Mimi nimevaa miwani, nilikuwa kama ninaangalia ndani ya chupa. Gurudumu la mbele hakuna, kifimbo cha kuhamisha fokasi hakuna. Mwaka 2023 ikaja A7C II: wakarudisha gurudumu, wakakuza kidogo kijidirisha, lakini kadi ikabaki moja. Gramu zenyewe 514! Basi hawawezi kuniambia kwamba uzito njo ulikuwa tatizo. Mimi ninaona ni biashara: ukitaka usalama wa picha, panda ngazi ununue ile kubwa.

Nikon Zf, ya 2023 vilevile, ilijaribu. Iko na nafasi mbili, moja ya microSD, zote chini karibu na batri. Kuitoa kadi ile kwa vidole vya jasho ni kazi, lakini ipo. Shida ni gramu 710. Inapendeza macho, mfukoni haingii.

Jibu nililolipenda zaidi liko kwenye Leica M11 ya 2022: ndani ya bodi wameweka memori ya GB 64. Kadi ni moja, ila picha inaweza kuandikwa kwenye kadi na kwenye memori ile kwa wakati mmoja. Hakuna tundu la pili, hakuna unene. Lakini bei ilikuwa karibu dola 9,000 bila lenzi, na fokasi unazungusha kwa mkono. Watoto wakikimbia mbele yako, utajua.

Basi ninachotaka: uzito wa A7C, memori ya ndani kama ya M11, kijidirisha kinachomhurumia mwenye miwani, kifimbo cha fokasi. Megapikseli 24 zinanitosha. Video kubwa-kubwa wachukue, wapunguze bei. Na tusidanganyane: ukifunga juu yake lenzi ya 24-70 f/2.8 ya karibu kilo moja, udogo umekwisha. Bodi hii ni ya mtu anayekubali 35 mm moja, kama ile ya Sony ya f/2.8 yenye gramu 120, na miguu yake.

Kuna wanaosema simu inatosha. Kwa mchana, sikatai. Saa mbili ya usiku chini ya taa moja, mchukue bibi arusi mweusi aliyevaa nyeusi, halafu turudi kuongea.

Kwa sasa bado ninabeba ile kubwa. Nimeifunga ndani ya kitenge cha mama, ninaitoa nikishasalimia watu.