"Bado Unapata Siku Zako?": Swali Moja Lisilotosha

Tuseme mama wa miaka 46 kutoka Wete alitibiwa saratani ya matiti kwa kemotherapia. Sasa ni miezi 14 hajaona damu. Anaulizwa: "Mama, bado unapata siku zako?" Anajibu hapana. Kwenye faili linaandikwa: amekoma hedhi. Basi, imekwisha hiyo.

Mimi nina ugomvi na mstari huo wa faili.

Maneno "kukoma hedhi" yanataja damu. Lakini saratani inayolishwa na homoni haijali damu, inajali ovari. Dawa kama siklofosfamidi huweza kuziua ovari kabisa au kuzizimisha kwa muda tu, na za mwanamke wa miaka 40 na kitu zinaweza kuzinduka baadaye. Sindano ya uzazi wa mpango nayo hukata damu. Aliyetolewa kizazi akabakishiwa ovari haoni damu tena, ila estrojeni bado anayo.

Kwani kuna hasara gani tukikosea? Kubwa. Vidonge kama anastrozoli na letrozoli huzuia mwili usitengeneze estrojeni nje ya ovari, kwa mfano kwenye mafuta. Ovari zikiwa zimekufa, vinafanya kazi vizuri. Zikiwa zimelala tu, ubongo unaona estrojeni imepungua, unazipigia kelele kwa homoni ya FSH, nazo zinaamka. Ndiyo maana letrozoli hiyohiyo hutumika kuwasaidia wanaotafuta mtoto! Mwaka 2006 madaktari wa Royal Marsden, London, waliripoti wanawake 45 waliokatikiwa na damu kwa kemotherapia kisha wakapewa vidonge vya kundi hili. Ovari za 12 ziliamka, na mmoja wao alishika mimba.

Mwongozo wa NCCN wa Marekani unalijua hili, na hapo nausifu. Amekoma aliyetolewa ovari zote mbili, au mwenye miaka 60 na zaidi. Chini ya umri huo, miezi 12 bila damu haitoshi peke yake ikiwa ni ya kemotherapia, tamoksifeni au sindano ya kulaza ovari. Tena vipimo vya estradioli na FSH navyo lazima vikubali.

Kasoro yake ni kwamba unazungumza kana kwamba maabara iko mlango wa pili. Kipimo kimoja ni picha ya siku moja. Ovari zinazozinduka leo ziko chini, mwezi ujao juu. Lazima kurudia. Kwa Mpemba ambaye tayari huvuka bahari kufuata mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, kila kurudia kunaweza kuwa nauli nyingine na siku nyingine za kulala kwa ndugu.

Pia mwongozo hauwezi kujua hazina tuliyonayo. Mwanamke wa Pemba anazijua siku zake kwa ibada: akiwa na hedhi haswali, na siku za Ramadhani alizokula anazilipa. Basi aulizwe hivi: "Kabla ya kuanza dawa, mara ya mwisho uliacha swala kwa ajili ya siku zako lini? Ramadhani ya kabla ya ugonjwa ulilipa siku ngapi?" Majibu hayo hayachukui nafasi ya maabara, lakini yanaonyesha hali yake kabla ya kemotherapia, jambo ambalo kipimo cha leo hakiwezi kulirudisha.

Na jibu likikosekana? Faili liandikwe "bado haijulikani". Si aibu. Tamoksifeni hufanya kazi kwa aliyekoma na asiyekoma, kwa hiyo yupo pa kusubiria. Wakichagua vidonge vile vingine, ovari zilazwe kwa sindano au zitolewe kwanza. Na mama aambiwe wazi kabla hajaondoka: ukiona damu, hata tone, usiseme ujana umerudi. Rudi hospitali.