"Siku ya Baba": Binti Aliyerudi Nyuma Kumtafuta Mzazi

Mchezo ninaokusudia kuuhakiki hapa ni kipindi kimoja cha mfululizo wa "Doctor Who", ambao BBC ya Uingereza iliuanza mwaka 1963. Kipindi chenyewe huitwa "Father's Day", yaani "Siku ya Baba". Kiliandikwa na Paul Cornell, kikaongozwa na Joe Ahearne, nacho kilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Mei 2005. Ndugu mwalimu asiyependa hadithi za mazimwi ya angani asiufunge ukurasa, kwani kiini cha mchezo huu ni jambo ambalo watu wa mwambao wa Tanganyika, tangu Rumonge hadi hapa Kabonga, wanalijua kuliko mtunzi mwenyewe.

Rose Tyler, msichana wa miaka 19, hakupata kumjua baba yake Pete. Alikuwa mtoto mchanga Pete alipogongwa na gari tarehe 7 Novemba 1987, akafa njiani peke yake. Rafiki wa Rose, aitwaye Daktari, anacho chombo cha kusafiria katika wakati. Rose anaomba jambo dogo tu: apelekwe siku ile, ili baba asife pasipo mtu wa kumshika mkono. Walipofika, miguu ikamwishia nguvu. Akaomba warudie, na mara hii, badala ya kungoja, alikimbia akamsukuma baba kando. Pete akapona, na papo hapo ulimwengu ukapata jeraha. Viumbe wenye mabawa wakashuka kuwala watu.

Sisi walimu wa lugha tunacho kipimo chetu cha kupimia kisa hiki. Kila mwaka twawaeleza wanafunzi tofauti ya -nge- na -ngali-. "Angepita njia nyingine, angepona": mlango u wazi bado. "Angalipita njia nyingine, angalipona": mlango umefungwa, yamebaki majuto. (Najua wasemaji wengi siku hizi huzichanganya mbili hizi, na sarufi kadhaa zimekwisha kuwaachia.) Rose aliingia ndani ya -ngali- akataka kuigeuza iwe -nge-, na mchezo mzima ni adhabu ya kosa hilo. Sijapata mfano bora wa kuuweka ubaoni.

Utajiri wa kipindi, hata hivyo, uko penginepo. Jackie, mama yake Rose, alimlea binti yake kwa sifa za marehemu: alikuwa mtu mwenye akili, mwenye mipango, mume asiye na mfano. Rose anapokutana naye ana kwa ana anamkuta mchuuzi asiyefanikiwa, mwenye nyumba iliyojaa vikorokoro visivyouzika, anayegombana na mkewe hadharani mbele ya watu wa harusi. Shaun Dingwall anamwigiza Pete bila kumdhihaki. Kisha Pete, akiwa amekwisha kung'amua kwamba kijana huyu ni binti yake, anamwuliza yeye alikuwa baba wa namna gani. Rose anadanganya. Anamweleza baba aliyemsomea hadithi kila usiku na asiyekosa kuwapo hata siku moja. Pete anasikiliza, akajua kwamba mtu huyo siye, na kwamba binti anayembuni baba hakuwa na baba. Hivyo akaelewa kuwa ilimpasa awe amekufa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mtunzi alipofikia kilele chake.

Yale mabawa nawaachia wengine wayasifu. Kanisa lililozingirwa na kelele za viumbe hao vinakula dakika ambazo baba na binti wangalizungumza.

Kuna jambo jingine ambalo mtunzi amelichukulia kuwa jepesi: Rose anaijua tarehe, na barabara anaijua. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka pande za Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi, hasa Watutsi, wakauawa. Kisha serikali ikalipiza kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, na miongoni mwa waliosakwa walikuwamo walimu na wanafunzi. Maelfu walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wa mwaka ule leo ni wazee. Wangekabidhiwa chombo cha Daktari, wengi wao wasingejua wakiamuru kiende siku gani, wala mahali gani. Mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki huko Karusi, miwani, rozari na nguo ndivyo vilivyotazamwa ili kupata dalili za wapendwa. Kwa Mwingereza huyu, kuijua siku ni mwanzo tu wa hadithi. Kwetu ingekuwa hadithi nzima.

Ndiyo maana namweka Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, mbele ya Cornell. Katika riwaya yake "Petit Pays" ya mwaka 2016, ambayo Éric Barbier aliifanya filamu mwaka 2020, Gabriel anarudi Bujumbura baada ya miaka mingi ya kukaa Ufaransa, anamkuta mama yake katika giza la kilabu cha pombe. Hakuna chombo wala zimwi. Pete alimtambua binti ambaye hakuwahi kumwona akikua. Mama yake Gabriel anamwita mwanawe kwa jina la kijana wa ukoo aliyeuawa Rwanda mwaka 1994. Faye hakutupa faraja yoyote.

Cornell anatupa faraja, lakini kwa kipimo kidogo, na hapo nampa haki yake. Pete anakimbia mwenyewe kuipokea ile gari. Baadaye Jackie anamsimulia mtoto kwamba dereva alisimama, na kwamba msichana asiyejulikana alimshika baba mkono hadi roho ikamtoka. Katika maombi yote ya Rose, lile dogo la kwanza ndilo lililokubaliwa.

Mwalimu atakayekionyesha kipindi hiki darasani asimamishe picha pale Pete anapouliza swali lake, awape wanafunzi nafasi ya kuandika jibu. Asiwalazimishe kulisoma kwa sauti.